Mabango Mawili ya Bi Mwanajuma

Hitima ya Bi Mwanajuma ilisomwa Mwanakwerekwe, nyumbani kwa binti yake, siku ya tatu baada ya maziko. Nilikaa mkekani karibu na mlango, miongoni mwa wanawake ambao wengi wao sikuwajua, jamaa zake wa Tumbatu waliovuka bahari asubuhi ile. Chumba kilijaa moshi wa udi, na kutoka uani ilikuja harufu ya wali uliokuwa ukipakuliwa. Dua ilipomalizika, bibi mmoja aliyekaa ubavuni pangu alinigeukia, akaniuliza taratibu, "Na wewe mwenzetu, ni nani wake?" Ni swali ambalo watu huulizana kila penye msiba. Si ndugu yake, si jirani yake, wala hatukuwahi kuuza kitu pamoja. Nikasema, "Nilimchora." Bibi akaitazama mikono yangu. "Ulikuwa ukimtia piko na hina?" "Hapana, bibi. Nilimchora uso wake. Mara mbili." Akaitikia "Enhe," kama mtu aliyeelewa, akanisogezea sahani.

Tangu siku ile, mwaka ule niliomchora umekuwa ukinirudia. Haurudi kwa mpango. Hunijia kwanza mwanga wa chumba, kisha harufu ya rangi, kisha sauti za watu waliokuwa wakizungumza barazani chini ya dirisha letu bila kujua kwamba juu yao kuna mtu anasikiliza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Habari za kwetu, na namna nilivyoruhusiwa kwenda kujifunza uchoraji wa mabango, nitaziweka kando, kwa sababu mwaka ule nilijihisi kama mtu asiye na kwao zaidi ya chumba kile.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe ndani ya Mji Mkongwe, juu ya ngazi iliyosimama wima kiasi kwamba ilibidi upande huku umeshika kamba. Kilikuwa na dirisha moja kubwa, na mbele ya dirisha, karibu ya kuugusa, ulikuwapo ukuta wa nyumba ya pili uliopakwa chokaa. Jua halikuingia kwetu hata siku moja. Lilipiga ukuta wa jirani, na kilichotufikia sisi kilikuwa mwanga uliokwisha kupoa, mweupe kama maziwa, usiotoa vivuli. Ndani ya mwanga ule kila kitu kilionekana kama kinaelea: makopo ya rangi, fremu za kuchapia, mbao zilizoegemezwa ukutani. Mbao hizo zilikuwa za zamani, za wakati nyumba za senema za mjini zilipokuwa wazi, na mwenye chumba, Fundi Idarusi, ndiye aliyekuwa akizichora picha ya filamu mpya kila wiki. Senema zilipofungwa alizigeuza kuwa vibao vya maduka. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzikwangua. Nilikuwa nakwangua rangi ya buluu ya kibao cha fundi cherehani, mara chini yake likatokea jicho la mwanamke lililotiwa wanja, kubwa kama kiganja changu, likinitazama. Chini ya jicho palikuwa na moto. Chini ya moto, maua. Tangu hapo nikawa nakwangua polepole.

Fundi Idarusi alikuwa mtu mwembamba, amepindukia miaka sitini, kofia yake ina matone ya rangi ambayo mkewe alikwisha kata tamaa ya kuyafua. Saa nne kila siku tulisimamisha kazi. Aliteremsha kikapu dirishani kwa kamba, na mama mmoja aliyekuwa akipika pale chini akatia bakuli la mbaazi za nazi na mikate miwili ya boflo, tukala tumekaa juu ya makopo matupu. Hapo ndipo alipofundisha. "Bango halisomwi," alikuwa akisema. "Linaonekana tu. Mtu yuko juu ya vespa yake, kichwani ana mambo yake. Wewe una nafasi ya kutoka pale dukani mpaka pale konani tu. Akishapinda, umemkosa." Filamu ya mapenzi, alinifundisha, huwekwa uso wa mwanamke juu na wa mwanamme chini kidogo, na nyuma yao rangi ya waridi. Ya mapigano, mtu amesimama kapanua miguu, na moto. Ya jini ni kijani na nyeusi, na herufi zinachuruzika. "Mtu anataka ajue anachokwenda kukiona kabla hajakiona. Ukimchanganya, anakwenda zake kunywa kahawa."

Siku hizi mimi ndiye ninayefundisha, na vijana ninaowafundisha hufungua simu wakanionyesha mabango ya dunia nzima kabla hata sijamaliza kueleza kazi. Wanajua filamu ya kutisha inavyopambwa na ya kuchekesha inavyopambwa. Wanajua vizuri kuliko nilivyojua mimi. Ninapowauliza, "Na huyu atakayepita mbele ya bango hili, mmemwona?" hunitazama kwa adabu, wakisubiri nifafanue. Nami hushindwa kufafanua, kwa sababu nilichojifunza hakikunijia kwa maelezo.

Maalim Suleiman alikuja kwetu wakati wa mvua za vuli, viatu mkononi, kwa kuwa vichochoro vilikuwa vimejaa maji. Alikuwa akisomesha jiografia katika skuli moja ya mjini, na kwa likizo mbili mfululizo yeye na wenzake walikuwa wakipiga filamu katika nyumba moja Chukwani kwa kamera ya kuazima. Sasa imekwisha, ataionyesha siku moja katika ukumbi wa skuli yake, baada ya sala ya alasiri, na anataka bango. "Watu wakija, tutafanya nyingine," alisema. "Wasipokuja, wenzangu wameshaniambia kwamba hii ndiyo ya mwisho. Mmoja alikuwa akitoka nyumbani kwake kwa kumdanganya mkewe kuwa ana masomo ya jioni." Fundi akaweka televisheni yetu ndogo juu ya kiti, tukaitia kanda yake ya video, tukakaa watatu kuitazama, mvua ikipiga chokaa ya ukuta wa jirani.

Iliitwa Mlango wa Uani. Kijana amesafiri Arabuni kutafuta kazi, kamwacha mkewe peke yake katika nyumba kubwa. Kila alfajiri mke husikia nyayo uani, na akifungua mlango hukuta sahani ya chakula imefunikwa kwa kawa, haoni mtu. Anaingiwa na hofu. Anaacha kulala, anatia udi kila chumba, anazungumza na kuta. Kisha asubuhi moja anauvizia mlango, anaufungua ghafla, anamkuta mama mkwe wake kachutama na sahani mkononi. Mama alikwisha pata habari tangu zamani kwamba mwanawe amefariki huko alikokwenda. Hakuweza kulisema. Kila siku alikuja ili aliseme, na kila siku akaishia kuacha chakula. Filamu inamalizika wanawake wawili wamekaa kizingitini, sahani moja kati yao, na hakuna anayekula. Mama mkwe yule hakuwa mchezaji wa maigizo. Alikuwa Bi Mwanajuma, mtu wa Tumbatu, aliyekuwa akiuza mikate ya mofa sokoni Mwanakwerekwe. Maalim alikuwa mteja wake, na alimchagua, alituambia, kwa sababu anajua kunyamaza.

Kanda ilipokwisha tulisikia mvua tu. Fundi akasema, "Hii picha ya jini."

"Si ya jini, Fundi. Hamna jini hata mmoja," alisema Maalim.

"Nimeona. Lakini watu watakuja kwa jini. Ukiwaambia ni mama analia, nani atatoka kwake?" Kisha akanigeukia mimi. "Zakia, kazi hii yako. Brashi usiiguse wiki mbili. Nenda katazame, uje uniambie watu wanashikwa na nini."

Nilikwenda kwenye duka la kukodisha kanda karibu na Darajani, nikamwomba mwenyewe aniruhusu nikae pembeni. Rafu zilipanda mpaka darini, na nyuso zote zile kwenye makasha, zikiwa zimepauka kwa jua la mlangoni, zilinifanya nijione kama niko ndani ya ndoto ya mtu mwengine. Nilinunua daftari. Nikaandika macho yako wapi, mwanga unatoka upande gani, herufi zina unene gani, kisu kiko mkono wa kulia au wa kushoto. Nikasikiliza waliokuja. Wengi walikuwa vijana wa kiume, wawili wawili, wakisemezana huku wamesimama. "Hii tushaiona." "Hatujaiona, ile ilikuwa na nyoka." "Hebu hii, mtazame macho yake." Nikaandika: macho. Mkono wao ulikwenda kwenye macho mekundu kila mara, na siku ya tano nilikuwa naweza kubashiri kasha litakalochukuliwa kabla mtu hajanyoosha mkono. Sijui kama nimewahi kujiona mjuzi kuliko wiki zile. Nilitembea kurudi nyumbani vichochoroni, kila uso unaokuja mbele yangu nikiupima: huyu wa mapenzi, huyu wa vita, huyu wa jini.

Basi nikachora. Maalim alikuwa ametuachia picha ya Bi Mwanajuma iliyopigwa wakati wa kurekodi, kaelekea kamera, ushungi umeteremka kidogo. Nilimtia kijani shavuni. Nikamzamisha mashimo ya macho, na ndani yake nikatia nyekundu, tone moja kila jicho, kisha nikaongeza tone la pili. Chini niliandika jina la filamu kwa herufi zinazochuruzika. Fundi alisimama mbali, akafunga jicho moja, akasema, "Hili linamshusha mtu kwenye vespa." Hakuwa mtu wa kusifu, na maneno yale nililala nayo. Maalim alipoliona alilisogelea, akarudi nyuma. "Nyinyi ndio mafundi," akasema mwisho. Tukalichapa, tukalibandika mjini, Chukwani, na kuta zote za karibu na soko la Mwanakwerekwe. Sikuwa nimewahi kukutana na mwanamke yule. Halikunijia hata wazo kwamba uso ule una mwenyewe, na kwamba mwenyewe kila asubuhi anakaa chini ya ukuta ule ule anauza chakula.

Alikuja siku ya sita. Nilisikia mtu anapanda ngazi yetu akipumzika kila hatua mbili tatu, kisha akabisha hodi, na Fundi akamkaribisha. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kwenye filamu, mnene kidogo, kanga zake zimepigwa pasi. Nikamwambia, "Shikamoo, bi." "Marahaba, mwanangu." Akaweka kikapu chini, akatoa ndani ya kanga bango letu lililokunjwa vizuri mara nne, akalikunjua juu ya meza, akalilainisha kwa kiganja kama mtu anayetandika kitambaa.

"Kalichora nani?"

Fundi alitaka kusema, nikamtangulia. "Mimi, bi."

"Unajua kuchora. Mdomo huu wangu. Na hapa pia, hili kovu langu la utotoni." Kidole chake kikapanda juu, kikasimama chini ya macho bila ya kuyagusa. "Haya sijui umeyatoa wapi."

"Ni picha tu, bi," alisema Fundi. "Ya kuitia watu."

"Mimi najua ni picha. Mwambie anayenunua mkate." Hakupandisha sauti. Alisema kwamba siku ya kwanza watoto walimcheka, na hilo hakulijali. Siku ya pili watoto wakaanza kupita mbali. Siku ya tatu mama zao wakaacha kuja, nao hawakusema neno, wanampa salamu na macho wanatazama kwengine. Jana kuna aliyekuja na kusimama mbele ya meza yake, akaona bango ukutani, akamtazama yeye, akaondoka anasoma dua midomoni. "Wewe kijana wa hapa hapa," akaniambia. "Unajua mtu akishaitwa mwanga, mchawi wa usiku, kinachomfuata. Na mimi nauza cha kutia mdomoni. Jana nimerudi na mikate yote."

Akafunua kikapu. Mikate ya mofa ilikuwa mle, imefungwa kwa kitambaa cheupe, bado ina joto la tanuri. Akatoa miwili, akaiweka juu ya bango, akakaa anatungoja. Fundi akachukua mmoja, akasema bismillahi, akamega, akala. Mimi nilinyoosha mkono, na mkono wangu ulichelewa. Ni hilo linalonifanya niyaandike haya, na sikuwahi kumwambia mtu kabla. Nilikuwa nimeyatazama yale macho wiki nzima, mimi mwenyewe niliyeyatia rangi, na kwa muda mfupi wa kuvuta pumzi moja niliogopa mkate wake. Kisha nikala. Ulikuwa mtamu, una harufu ya moshi kidogo. Nilipoinua kichwa nilimkuta ananitazama, na nikajua kwamba ameona. Akauliza tu, "Ulinitazama wapi kabla hujanichora?"

"Kwenye picha, bi."

"Basi njoo unitazame."

Nilikwenda kesho yake, nikakaa naye siku nane. Nilikuwa nikifika jua linachomoza, wakati soko lina ukungu wa moshi wa majiko na watu wanasikika kabla hawajaonekana. Alinipa kigoda nyuma ya meza yake. Jirani yake alikuwa Bi Tatu, muuza bamia, mwanamke wa kucheka, ambaye siku ya kwanza alinisalimia kwa kusema, "Ndiye huyu aliyekutia macho?" na Bi Mwanajuma akajibu, "Ndiye, lakini mkate anakula." Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi katika vikombe vya bati, tukachovya mofa, na kila aliyepita akatukuta tunakula kutoka kikapu kimoja. Nadhani alinikalisha pale kwa hilo zaidi kuliko jambo lolote jengine. Sikumuuliza.

Nilikuwa na daftari lile lile, lakini nililigeuza nikaanzia nyuma. Niliwauliza wanawake waliokuja sokoni wanatazama filamu gani, na kwanza waliniambia hawatazami. Ilichukua siku mbili kuelewa kwamba maana yake ni kuwa hawaendi dukani kukodi kanda. Kanda huletwa na kaka, na mtoto wa jirani, na mume, na wao huitazama mchana, wakishapika, wamekaa chini na mwenzao mmoja au wawili huku wanachambua mchele. Nilikuwa nimekaa wiki mbili pale dukani na kuandika kila kitu kuhusu anayebeba kasha, na sikumwona hata mmoja katika wale wanaokaa mbele ya televisheni mpaka mwisho. "Ya jini naitazama kwa kuwa imeletwa," Bi Tatu alisema. "Lakini nikienda kwa miguu yangu, nakwenda kwenye ya kulia. Na nakwenda na mwenzangu. Peke yako utalia vipi?"

Niliwaonyesha michoro midogo ya penseli, wakanirekebisha kila mmoja kwa lake. Hawakuanzia kwenye macho. Walianzia kwenye nguo. "Huyu kajifunga kanga ya ndani, basi yuko kwake." Wakaja kwenye mikono. "Sahani hii kaishika kama anaitoa au anaipokea?" Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama akautazama mlango niliouchora. "Ukiwa wazi," akasema, "najua kuna mtu kaingia. Ukiufunga, sijui kitu. Uache nusu, hivi, nitataka kujua." Nikamuuliza Bi Mwanajuma mwenyewe alikuwa akifikiri nini katika ile sehemu ya mwisho, alipokaa kizingitini uso umebeba msiba wote ule. Akafikiri. "Maalim aliniambia nikae, nitazame sahani. Nikatazama. Nilikuwa nawaza kwamba mikate nimeiacha kwenye tanuri na binti yangu msahaulifu." Bi Tatu akacheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kanga.

Bango la pili nililichora kwa siku tatu, katika mwanga ule wa maziwa, na ninapokumbuka siku zile sikumbuki kula wala kuzungumza. Nilimchora Bi Mwanajuma kwa upande, kachutama, ushungi umefunika nusu ya shavu. Mkono mmoja juu ya kawa, mkono wa pili chini ya sahani. Mbele yake mlango ulioachwa nusu, na kutoka ndani mwanga mweupe unamfikia vidoleni tu. Fundi Idarusi alilizunguka mara mbili. "Halina rangi," akasema. "Mtu wa vespa halioni."

"Wa vespa si wake, Fundi."

"Nani wake?"

"Anayekwenda kwa miguu. Na mwenzake."

Alikaa juu ya kopo lake. Alikuwa amefanya kazi ile miaka arubaini, na sijui nilipata wapi ujasiri wa kumjibu. "Jina la karakana usiliweke," akasema. "Likianguka, lianguke lako." Niliumia, lakini nilimwelewa. Kisha akainuka, akalichukua kopo langu la nyeupe, akatia ndani yake tone dogo la manjano na chembe ya kahawia, akakoroga. "Nyeupe yako ya hospitali," akasema. "Hii ndiyo ya ndani ya nyumba." Na kweli, mlango ulipopakwa rangi ile ulipata watu ndani.

Maalim alilikubali, tukalichapa, tukaenda Mwanakwerekwe kulibandika juu ya lile la kwanza, na Bi Mwanajuma alikataa kukaa kwenye meza yake. Alishika ndoo ya gundi ya unga wa muhogo, akafuatana nami ukuta kwa ukuta, mbele ya soko zima. Alipaka gundi kwa mkono. Alianzia kwenye macho kila mahali, akayapaka mpaka yakafunikwa, kisha akanipisha niweke karatasi. Watu walisimama kutazama. Yeye hakuwatazama.

Siku ya maonyesho ukumbi wa skuli ulijaa nusu. Kwenye mabenchi ya mbele walikaa vijana walioliona bango la kwanza kabla halijafunikwa, na filamu ilipofika kati walianza kuulizana kwa sauti jini yuko wapi. Wengine waliondoka kwa kishindo, wakiburura mabenchi, na nilimwona Maalim Suleiman kasimama kwenye pazia kashika kichwa. Nyuma walikaa wanawake, wawili wawili na watatu watatu, wengi wao niliwahi kuzungumza nao sokoni. Bi Mwanajuma alikaa ubavuni pangu, mikono mapajani. Alikuwa hajawahi kujiona. Alipotokea kwenye kitambaa, mkubwa kuliko mlango wa nyumba, aliniinamia akaninong'oneza, "Mbona nimezeeka hivi?" Wanawake wawili walipokaa kizingitini na sahani kati yao, ukumbi ulinyamaza kiasi cha kusikia mashine inavyozunguka. Kisha nikasikia mtu analia nyuma yangu, na mwenzake anamwambia, "Nyamaza na mimi nisije nikalia," na halafu wote wawili.

Taa zilipowashwa watu hawakuinuka mara moja. Mwanamke mmoja alikuja kwenye benchi letu. Baadaye niliambiwa kwamba ndiye yule aliyekuwa akisoma dua midomoni. Alimshika Bi Mwanajuma mkono kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo, kisha akasema, "Kesho niwekee minne." Hakuomba radhi, wala Bi Mwanajuma hakuonyesha kuitaka. "Inshallah," alijibu. Wateja wake hawakurudi wote. Wako waliokula mikate yake tangu wadogo ambao hawakununua tena mpaka wakahama mtaa, na kwa hao nilikuwa nimeshafanya nililofanya, hakuna karatasi ya kulifunika. Maalim aliipeleka filamu Chukwani, kisha vijiji vya shamba, na watu wake walikubali kufanya ya pili. Fundi Idarusi alichukua bango moja la yale meupe, akalitundika karakana, na siku moja nikaona chini pembeni, kwa herufi ndogo, ameandika jina la karakana.

Ramadhani ilipokaribia, wakati ambao mofa hutafutwa sana, Bi Mwanajuma alipanda ngazi yetu tena, akipumzika kila hatua mbili tatu. Alitaka kibao cha kuweka juu ya meza yake. Nilishusha ubao, nikachukua daftari kwanza. "Unataka akione nani, bi?" nilimuuliza. Nilitaraji ataje wale waliomkimbia, na nilikwisha anza kufikiri rangi za kuwarudishia.

Alikaa akifikiri, anajipepea kwa pembe ya kanga. "Wale wanaonijua wameshaamua," akasema. "Anayenunua ananunua, asiyenunua basi. Mwandikie anayeshuka gari leo, mgeni, ana njaa, hamjui mtu."

"Na uso wako niuchore?"

"Uso ntakuwa nao mwenyewe pale pale," alisema Bi Mwanajuma. "Wewe chora mkate."